Umepuliza rangi ukuta wa mtu usiku: wewe ni msanii au mharibifu? Tujadili

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, wenye haraka mniwie radhi.

Mimi ni fundi maandishi. Vibao vya saluni, milango ya maduka, kuta za shule za chekechea zenye herufi na matunda: hiyo ndiyo riziki yangu hapa Temeke mwaka wa 16 sasa. Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi alikamatwa na walinzi wa mtaa saa tisa usiku, makopo mawili ya sprei mkononi, mbele ya ukuta wa mama mmoja mjane. Alikuwa anachora uso wa mwanamke aliyejitanda kanga kichwani. Kanga ilishakamilika hadi mikunjo yake, jicho moja limeisha, la pili bado. Kulipokucha mtaa ukagawanyika. Wapo waliotaka apelekwe kituoni, wapo waliotoa simu wakapiga picha na kusema ukuta ule haujawahi kupendeza namna hiyo. Mwenye ukuta alisimama tu, kanga ameibana kwapani, anauliza: "Huyu ni nani mliyemweka kwenye nyumba yangu?"

Mwenyekiti wa mtaa akaniita maana kijana yuko chini yangu. "Fundi, wewe ndiye unayeyajua haya mambo. Hii ni sanaa au uharibifu?" Nikamjibu ni vyote viwili. Akadhani namkwepa. Simkwepi, na ndiyo maana nimeuleta mjadala humu.

Kwanza nikiri. Nikiwa na miaka 19 tulikuwa vijana watatu tunaopiga chata. Kwa wasiojua, chata ni jina lako la mtaani, unaliandika kwa mkato wako mwenyewe hadi mtu akiliona Mbagala ajue ni yule yule wa Tandika. Usiku mmoja tukapiga kwenye ukuta wa mzee mmoja mstaafu. Nyekundu, herufi ndefu kuliko mtu. Hatukujua kwamba ukuta ule ulikuwa na siku nne tu tangu upakwe, na kwamba Jumamosi ile palikuwa na sendoff ya binti yake pale pale. Asubuhi napita na ndoo yangu kwenda kibaruani, nikamkuta mzee ametoa kiti nje, amekaa anautazama ukuta. Akaniita, maana aliona burashi. "Kijana, hii inatokaje?"

Ningeweza kupita. Nikaweka ndoo chini, nikaanza kazi bila kutaja bei.

Wanaojua rangi wanajua kilichofuata. Sprei nyekundu juu ya rangi ya maji ambayo haijakomaa ni balaa. Nikapaka nyeupe mkono wa kwanza, nyekundu ikatoboa. Mkono wa pili, ikawa waridi. Mkono wa tatu jina letu bado linasomeka kama kovu. Nikiwa katikati ya huo wa tatu mzee alinishika kiganja, akakigeuza, akaangalia kucha zangu. Zilikuwa na nyekundu ile ile. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mngebisha hodi. Pengine ningewapa upande wa nyuma."

Tangu siku ile, kwangu mimi mjadala wote huu umekaa kwenye neno hilo: hodi. Ukuta ni sehemu ya nyumba ya mtu kama mlango wake ulivyo. Hata uwe na mkono mzuri kiasi gani, hujakaribishwa. Ila na mimi sikubali mtu aniambie kwamba kwa kuwa kijana hakubisha hodi basi alichochora ni uchafu. Ile mikunjo ya kanga mimi bwana wake wa kazi siiwezi. Amekosa, na amechora kazi nzuri. Yote mawili yametokea usiku mmoja kwa mkono mmoja.

Sheria zetu ziko hivyo hivyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 326, inasema anayeharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 7. Kenya wana kifungu cha 339, miaka 5. Havimtaki hakimu apime kama mchoro unapendeza. Brazil ndio waliojaribu kulinyoosha kwa sheria ya mwaka 2011. Mchoro wa ukutani uliofanywa kupendezesha mahali, kwa ridhaa ya mwenye mali, wakautoa kwenye jinai. Yale maandishi marefu meusi mnayoyaona kwenye maghorofa ya São Paulo, wenyewe wanayaita pichação, yakabaki kosa, kifungo cha miezi 3 hadi mwaka 1. Kopo ni lile lile. Kilichowatenganisha ni ridhaa.

Sasa tuwe wa haki. Hivi kuna ukuta Dar ambao haujaandikwa? Mganga wa nguvu za kiume na namba yake ya simu kwenye kila nguzo ya umeme. Gari la maji machafu, piga namba hii. Chumba kinapangishwa, dalali yupo. Mgombea anabandikwa kwa gundi ya unga, uchaguzi unapita, ashinde ashindwe, sura yake inabaki ikichanika ukutani kwa mtu mpaka mvua iionee huruma. "Usikojoe hapa." "Nyumba hii haiuzwi." Na ile X nyekundu ya bomoabomoa, ambayo ina sheria nyuma yake lakini hakuna mwandiko unaotisha kuliko huo mjini. Mtaani kwetu sijasikia mganga ameitwa mharibifu wa mali. Dalali naye hajawahi kukamatwa saa tisa usiku. Kijana akichora uso wa mwanamke ndipo tunalikumbuka neno mali. Kosa la hodi simtetei. Nasema tukihukumu, tuwahukumu wote wanaoandika.

Jambo jingine ni muda. Kazi iliwahi kunifikisha Mombasa nikaingia Fort Jesus. Kuna michoro ya ukutani ya askari wa Kireno, ya enzi zao kabla ngome haijawatoka mwaka 1698. Merikebu, watu, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Unaitazama unaona kabisa ni mkono wa mtu aliyekuwa zamu, siyo fundi aliyeitwa kupamba: mistari inakimbia, milingoti mingine imepinda. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kwenye mizinga. Gede, Kilwa na Songo Mnara nako kuna vyombo vya tanga vilivyokwaruzwa kwenye lipu ya majengo ya zamani. Mtu alichukua kitu chenye ncha akaukwaruza ukuta. Leo wataalamu wa mambo ya kale wanaitazama mikwaruzo hiyo kujua vyombo vya wakati ule vilikuwa na umbo gani. Sijui kama mwenye nyumba aliyekuta jahazi limekwaruzwa kwenye lipu yake alicheka au alitafuta bakora.

Mwenyekiti amenipa siku tatu. Nisaidieni mawazo: tufute? Kijana afanywe nini? Na ninyi wenye kuta mnasemaje?

#2 Mdau, mwenye nyumba Sinza

Mkuu, umeandika kwa moyo na nimekuheshimu kwa kukiri. Ila mimi niko upande wa yule mzee aliyetoa kiti nje.

Nina fremu sita zinazotazama barabara. Mwaka jana nilipaka zote, na mwezi haukwisha nikakuta majina matatu ukutani. Nikapaka. Wakarudi. Mpangaji wangu wa duka la dawa akaniambia wateja wake wanadhani pale ni kijiwe. Hasara hiyo ni ya nani? Wanaoiita sanaa hakuna aliyekuja na nusu ndoo ya rangi.

Halafu kuna jambo hujaligusa. Huyo kijana wako anajua kuchora. Nyuma yake kuna ishirini wasiojua. Yeye akiuanza ukuta ule, hao ishirini wanafuata usiku unaofuata, na mama mjane hana wa kuwazuia. Kwangu mimi sanaa ni ile niliyoiagiza au niliyoikubali. Nyingine hata iwe nzuri namna gani nitaifuta, na sitaona aibu.

Nina swali la kitaalamu pia: hiyo nyekundu inayotoboa, dawa yake ni nini? Mimi nimepaka mikono minne na bado iko.

#3 Mdau, Nairobi

Hamjambo watani. Fundi, hilo neno hodi nimelipenda sana, lakini nina swali. Hodi unambishia nani ikiwa mwenye ukuta ndiye unayemlalamikia?

Februari 2012, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, tuliamka hapa mjini tukakuta mchoro mkubwa karibu na City Market. Mwanasiasa amechorwa kama tumbusi, yule ndege wa mizoga, amevaa suti, na maneno yake yanasema wazi kwamba anaiba na bado watu watampigia kura. Nyuma ya kazi ile alikuwepo Boniface Mwangi, mpiga picha aliyezunguka na kamera wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, pamoja na wachoraji wa grafiti. Ilichorwa usiku. Nilipita pale asubuhi nikienda kazini. Watu walikuwa wamesimama, makanga (makondakta wa matatu), wachuuzi wa maua, watu wa ofisi, wanasoma kwa sauti kila mmoja akimsomea mwenzake. Sijaona tena gazeti likisomwa vile. Sasa niambie, kibali cha mchoro ule kingeombwa dirisha gani? Angekipiga muhuri nani?

Mfano wa pili ni mzito zaidi kwangu kwa sababu nilikuwa na jamaa zangu kule. Kibera, machafuko hayo hayo, nyumba zinawaka, mchoraji anayejiita Solo7 alitembea na rangi akaandika kwenye mabati, kuta na barabarani maneno ya kuisaka amani ikiwa hai, kama vile polisi wanavyobandika tangazo la mtu anayetafutwa. Aliandika kila mahali. Hata kwenye mabati yaliyoponea chupuchupu. Aliomba ruhusa mlango kwa mlango? Milango gani, na nyingine zilikuwa hazina watu tena? Mimi nasema yule hakuharibu kitu. Wengine ndio waliokuwa wanaharibu wiki ile.

#4 Mdau, Unguja

Assalaam aleikum. Miye ni fundi wa nyumba za zamani Mji Mkongwe, na nataka kuzungumza kuhusu ukuta wenyewe, maana naona hakuna aliyeutaja.

Nyie mnazungumzia ukuta wa tofali na saruji. Huo ukipakwa umepakwa. Ukuta wetu huku ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huo unapumua: unavuta unyevu wa ardhini na wa bahari, kisha unautoa kupitia ile chokaa. Ukiuziba kwa rangi ya plastiki au ya mafuta, maji hayana pa kutokea. Baada ya masika mbili tatu unaona rangi imevimba kama malengelenge. Ukibandua ganda lile kwa kidole, nyuma yake kuna unga mweupe, chumvi hiyo, na lipu imelainika mpaka unaikwangua kwa kucha. Hapo mchoro hata ungekuwa mzuri vipi, ni uharibifu kwa maana ya neno lenyewe, haina haja ya mjadala.

Lakini kwa haki ya Mungu niseme na hili: katika kazi yangu yote, vijana wenye makopo wameniharibia kuta chache mno. Walioziharibu ni wenye nyumba wenyewe, kwa kuzikandika saruji na rangi ya kung'aa ili zionekane mpya. Hao wana hati na funguo, na hakuna anayewauliza. Mji umeingizwa urithi wa dunia tangu 2000 na bado napigiwa simu nikabandue saruji. Kwa hiyo ridhaa ya mwenye mali peke yake hainitoshi. Mwenye mali naye huharibu.

#5 Mdau

Fundi wa Unguja amenigusia kesi ninayoipenda, ngoja niilete.

Queens, New York, kulikuwa na jengo la kiwanda lililoitwa 5Pointz. Mwenye jengo, Jerry Wolkoff, aliwaruhusu wachoraji kwa miaka mingi, mpaka watu wakawa wanatoka mbali kuja kulitazama. Alipotaka kujenga maghorofa, Novemba 2013 alituma watu usiku wakapaka rangi nyeupe juu ya kila kitu. Asubuhi wachoraji wakakuta kazi zao zimezikwa. Walikwenda mahakamani wakitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda kazi za sanaa za kuonekana, na Februari 2018 jaji akawapa wachoraji 21 dola milioni 6.75 kwa kazi 45. Rufaa ikagonga mwamba mwaka 2020.

Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Aliyekuja usiku na rangi bila kuaga ni mwenye jengo, na ndiye aliyelipa. Mahakama haikusema jengo si lake. Angeweza kulivunja, lakini alitakiwa awape wachoraji taarifa na muda wa kuondoa au kurekodi kazi zao. Mtu akishabisha hodi nawe ukamwambia karibu, humtoi usiku kwa dirishani.

#6 Mwanzisha uzi

Wakuu nimesoma kila neno, nyingine nimewasomea vijana kijiweni kwa sauti.

Mtani wa Nairobi, umenipata. Nimekaa na swali lako siku nzima na sina jibu la kukurudisha nyuma. Kipimo changu cha hodi kimetoka kwenye ukuta wa mzee mmoja wa Temeke, na pale kinafaa. Mwananchi mwenzangu ana nyumba, ana mlango, ana sikio la kusikia nikibisha. Ukuta wa mamlaka ni jambo jingine. Kumwomba mtu kibali cha kumsema ni sawa na kunyamaza. Ninachobaki nacho ni hiki: mtu wa namna hiyo nataka nimjue. Solo7 aliandika na jina lake lipo, Mwangi alijitokeza akasema ni sisi. Sisi watatu tulipopiga chata kwa mzee tulikimbia, na hatukuwa na lolote la kumwambia zaidi ya majina yetu. Siwezi kuviweka hivyo viwili kwenye kapu moja hata sheria ikiviweka.

Ndugu wa Sinza, kuhusu hao ishirini wasiojua kuchora: ni kweli kabisa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini nikuulize, wanajifunzia wapi? Kopo la sprei ni ghali kwa kijana, na ukuta wa mazoezi mtaani haupo. Shule ya msingi ya jirani ina ukuta wa mita nyingi tu, umekaa kijivu tangu ujengwe, nimeuomba mara tatu. Kila nikienda naambiwa nirudi na barua. Kijana aliyeninyima usingizi wiki hii alikuwepo mara zote tatu, ndiye aliyenibebea ngazi. Sisemi hiyo inamfutia kosa. Nasema alibisha hodi mahali na hakufunguliwa.

Mzee wa Unguja, shikamoo. Ile habari ya chumvi nimeibeba. Ukuta wa mama ni tofali za block na lipu ya saruji, nimeugonga kwa kidole kuhakikisha kabla sijakujibu.

#7 Mwanzisha uzi: MREJESHO

Wakuu, kikao kimekaa leo asubuhi ofisi ya serikali ya mtaa. Kijana aliomba radhi mbele ya watu, na niliona amemaanisha maana alishindwa kumalizia sentensi. Mwenyekiti akasema uamuzi ni wa mwenye ukuta. Nikajitolea rangi na kazi, afute au abakize, gharama juu yangu.

Mama alisema tuongozane hadi nyumbani. Akasimama mbele ya ule uso kwa muda. Akauliza kama ni mtu fulani. Kijana akasema hapana, alikuwa anamfikiria bibi yake aliyemlea Lindi. Mama akasema, "Sasa mbona umemwacha na jicho moja?" Tukanyamaza. Kisha akatueleza jambo ambalo mimi jirani wa mitaa miwili nilikuwa silijui: tangu mumewe afariki, madalali wameshaleta watu mara mbili kuja kuitazama nyumba, na hakuwaita yeye. Akasema, "Mmalizieni huyo bibi jicho lake. Halafu hapo pembeni mniandikie NYUMBA HII HAIUZWI, herufi kubwa, ionekane yeye ndiye anayesema."

Tumeanza saa nne. Kijana amemaliza jicho, herufi nimepiga mwenyewe, nyeusi, kimo cha sentimita 40, mama amekaa kivulini anatuelekeza. Ametuambia N ya kwanza imelala, na kweli ilikuwa imelala, nimeirudia.

Ndugu wa Sinza, swali lako sijalisahau. Usiendelee kupaka rangi ya maji juu ya nyekundu, itatoboa hata ukipaka mikono kumi. Piga msasa kwanza, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha paka andakoti (rangi ya chini) ya mafuta mkono mmoja na uiache ikauke siku nzima. Baada ya hapo ndipo urudishe rangi yako ya maji, mikono miwili inatosha. Fremu sita ni kazi ya siku tatu. Ukikwama ni-PM, nitakuja na kijana.